Mji wa Isiolo wameza mashamba ya mtoni

ZAMANI msafiri wa kwenda kaskazini akifika Isiolo alijua kwamba amefika mwisho wa starehe. Lami iliishia hapa. Mbele kulikuwa na kizuizi cha polisi, kisha barabara ya vumbi na mawe ya kuelekea Archers Post, Marsabit na Moyale, ambako malori yalikwenda kwa misafara chini ya ulinzi wa askari kwa kuhofia majangili. Wengi walilala mjini usiku mmoja, wakanunua mkate, maji na mboga, wakaondoka alfajiri.

Mboga hizo ndizo ninazotaka tuzizungumzie leo, msomaji. Mtu aliyezoea kusikia Isiolo ikitajwa pamoja na ukame, ngamia na wizi wa mifugo huona vigumu kuamini kwamba si mbali na stesheni ya magari kuna migomba iliyosimama kijani hata wakati wa kiangazi. Lakini ipo. Mto Isiolo, ambao maji yake hushuka kutoka upande wa Mlima Kenya, hupita kando ya mji kabla ya kwenda kujiunga na Ewaso Ng'iro. Pande za Bulapesa na Burat watu walichimba mifereji, wakayatoa maji mtoni na kuyaongoza mashambani, wakapanda sukuma wiki, nyanya, vitunguu, mahindi, ndizi na maembe.

Shangazi yangu ana shamba huko, ekari moja na robo hivi. Katika miaka ya tisini, nilipokuwa mwanafunzi, likizo ya Agosti nilitumwa kwake, na kazi yangu ilikuwa moja tu: kulinda zamu ya maji. Kila shamba lilikuwa na siku na saa yake ya kufungua mfereji. Ya shangazi iliangukia Jumanne, saa nane za usiku. Nilikaa ukingoni na tochi na jembe, nikisikiliza fisi kwa mbali, huku nikihakikisha hakuna jirani aliyeziba maji kwa mfuko wa mchanga ili yageukie kwake. Nililalamika sana wakati ule. Sikujua kwamba ile zamu ndiyo iliyokuwa hati yetu.

Mapema mwaka huu nilikwenda kumwamkia. Nilipopita shamba la jirani wa upande wa juu, nilikuta katikati ya matuta ya sukuma wiki mawe ya mpaka, hizo bikoni kama zinavyoitwa na wengi, yamepakwa rangi nyekundu. Mboga zilikuwa bado zinachumwa. Mama mmoja alikuwa ameweka beseni lake juu ya mojawapo ya mawe hayo, akifunga mafungu ya kupeleka sokoni.

"Ameuza," shangazi aliniambia kabla hata sijaketi. "Ploti nane. Sasa mwanangu, uniambie, maji yatapita wapi?"

MJI WA WATU WALIOHAMISHWA

Ili tuelewe swali lake, turudi nyuma kidogo. Isiolo haikuanza kama mji wa wakulima. Serikali ya kikoloni iliifanya makao yake ya kutawalia ile iliyoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, NFD kwa kifupi, na ikaweka hapa karantini ya mifugo, mahali pa kuwazuia ng'ombe wa kaskazini wakaguliwe kabla ya kuruhusiwa kuteremka kwenye mashamba ya walowezi. Wasomali wa ukoo wa Isaaq waliopigana upande wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia walipewa makao hapa. Waturkana walikuja kufanya kazi. Waborana, Wasakuye na Wasamburu walikuwa na malisho yao pande zote. Wameru waliteremka na vyakula vya kuuza. Ndiyo maana hata leo, ukisimama sokoni kwa robo saa tu, utasikia lugha sita, na Kiswahili kikiziunganisha zote.

Kilimo cha kunyunyizia maji kilipata nguvu baada ya msiba. Vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967 viliwaacha wafugaji wengi wa Isiolo mikono mitupu. Watu walikusanywa kambini, mifugo ikafa kwa kukosa malisho, mingine ikapigwa risasi au kuchukuliwa. Mtu aliyekuwa na ngamia mia akabaki na fimbo. Miradi ya kunyunyizia maji ya Rapsu, Malka Daka, Garfarsa na Merti ilianzishwa baada ya hapo, lengo likiwa kuwapa wafugaji hao njia nyingine ya kula. Mingine haikutimiza yaliyotarajiwa, maana mto huhama na mashine za maji huharibika, na mfugaji akipata mbuzi watatu tu hurudi porini. Hata hivyo, wazo kwamba maskini wa Isiolo anaweza kuinuliwa na kipande cha ardhi chenye maji lilishika mizizi, na mashamba ya kando ya mji yalikuwa kimbilio la aina hiyo hiyo.

Wakulima hawa hawakuwa matajiri walionunua mashamba. Wengi walikuwa watu waliopoteza kila kitu wakaanza upya na jembe. Shangazi mwenyewe alipewa sehemu yake na wazee wa mfereji baada ya mumewe kufariki. Hakulipa hata ndururu. Alilipa kwa kuchimba mita kadhaa za mfereji kwa mikono yake, na mtoto akiwa mgongoni.

NDOTO YA JIJI

Kwa miaka mingi mji ulilala. Hali ya hatari iliyowekwa kaskazini wakati wa vita vya Shifta iliondolewa rasmi mwaka 1991 tu, na ni nani angejenga ghorofa mahali kama hapo? Hesabu ya watu ya 1989 ilipata watu 70,078 katika wilaya nzima ya Isiolo, eneo lenye zaidi ya kilomita mraba 25,000. Mwaka 1999 walikuwa 100,861. Mwaka 2009 wakafika 143,294, na mwaka 2019 kaunti ikahesabiwa watu 268,002. Mwenye kupenda hesabu aone mwenyewe: katika miaka thelathini idadi imekaribia kuongezeka mara nne.

Kilichoamsha mji ni barabara na maneno. Ujenzi wa lami kutoka Isiolo hadi mto Merille ulianza mwaka 2007, na kufikia mwaka 2017 gari dogo lingeweza kutoka Nairobi hadi Moyale bila kukanyaga vumbi. Mwaka 2008 serikali ilizindua Ruwaza ya 2030, na Isiolo ikatajwa kuwa moja ya miji itakayojengwa upya kwa ajili ya watalii. Machi 2012, Rais Mwai Kibaki, Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini walikutana Lamu kuzindua mradi wa LAPSSET, wenye bandari, barabara, reli na bomba la mafuta, na kwenye ramani mistari hiyo yote ilikutana Isiolo. Mwaka uliofuata serikali za kaunti zikaanza kazi, na Isiolo ikawa na gavana, bunge lake, na mamia ya wafanyakazi wanaotafuta nyumba za kupanga. Mwaka 2017 uwanja wa ndege wa kimataifa ukafunguliwa.

Kati ya yote hayo, yapo yaliyokuja na yapo yaliyobaki kwenye karatasi. Mji wa kitalii uliopangiwa Kipsing Gap haujajengwa. Reli haijaonekana. Uwanja wa ndege, wenye njia ya kurukia isiyofika kilomita moja na nusu, haukuwa kitovu cha kusafirisha nyama na miraa ng'ambo kama tulivyoahidiwa. Lakini bei ya ardhi haingojei reli. Hupanda siku ramani inapochapishwa gazetini. Madalali walianza kuonekana wakizunguka Kambi ya Juu, Kiwanjani, Chechelesi na Mwangaza wakiwa na picha za ramani kwenye simu zao, na watu wa Nairobi, Meru na Nanyuki wakaanza kununua mahali ambapo hawajawahi kulala hata usiku mmoja.

Kwa nini basi mji usipanuke kuelekea nyikani, kwenye mapori yasiyo na mwisho? Mgeni huuliza hivyo, nami niliuliza. Jibu ni kwamba nyika hiyo si tupu kama inavyoonekana. Upande mmoja kuna uwanja wa ndege na mpaka ambao Isiolo na Meru wamekuwa wakiubishania kwa miaka mingi, na uwanja wenyewe umelala sehemu huku na sehemu kule. Kwingine kuna kambi za jeshi na maeneo yao ya mazoezi. Kwingine kuna malisho makubwa ya karantini ya mifugo. Kwingine kuna njia za wafugaji, na mwenye kujenga huko huamka akakuta ng'ombe mia mbili mlangoni wakiulizia njia yao. Inabaki mtoni. Huko ni tambarare, udongo ni laini kuchimba msingi, maji yapo karibu, na mwenye shamba ni mjane au mzee anayehitaji karo.

HESABU YA EKARI MOJA

Tusiwalaumu haraka wanaouza. Ekari moja hutoa ploti nane za futi hamsini kwa mia moja, ukiacha njia nyembamba ya kupita. Ploti moja ikiuzwa, fedha zake zinaweza kuzidi mapato ya sukuma wiki ya miaka kadhaa, na zinakuja kwa siku moja, bila wadudu wa nyanya, bila nyani, bila lori la vitunguu kutoka Meru kuangusha bei asubuhi ile ile uliyovuna. Ukame wa kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, ambapo misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha, ulipunguza mto hadi watu wakalala zamu tatu wasipate maji ya kufikia nusu ya shamba. Kisha mwishoni mwa 2023 ikaja mvua ya El Nino ikaleta mafuriko. Mkulima aliyepitia yote mawili akaletewa bahasha, hushangai akiipokea.

Binamu yangu, kitinda mimba wa shangazi, ana hoja yake, na anaitoa kwa heshima lakini bila kurudi nyuma. Dada yake ameitwa chuo kikuu. Mkopo wa serikali hautoshi. "Mama, shamba linatulisha," alisema tulipokuwa tukinywa chai, "lakini halitusomeshi." Shangazi hakumjibu. Alimwongeza chai. Baadaye, akiwa ameinama kwenye matuta, aliniambia kwamba wote wanne walisomeshwa na shamba hilo hilo mpaka kidato cha nne, ila kijana amesahau kwa sababu ada ililipwa kwa sarafu sarafu, shilingi ishirini ishirini za mafungu ya mboga, na fedha inayokuja namna hiyo haionekani.

Nafikiri wote wawili wana haki, na hapo ndipo penye uchungu.

MFEREJI NI MMOJA

Jambo ambalo mnunuzi wa ploti haelewi, na dalali hamwambii, ni kwamba shamba la mtoni haliko peke yake. Mfereji huanzia juu, kwenye banio, na kupita shamba baada ya shamba kwa mteremko mdogo uliopimwa kwa macho na wazee ambao wengi wao wamekwisha kufa. Shamba la kumi linategemea tisa zilizo juu yake. Mmoja akiuza katikati, mwenye ploti hujenga ukuta wa mawe, na ukuta hauna mlango wa maji. Au huacha mfereji upite lakini huuelekezea maji machafu ya bafu. Au humwaga kifusi, maji yakakosa njia, yakafurika kwa jirani na kumkauka wa chini. Hivyo ploti nane zinazouzwa na mtu mmoja zinaweza kukausha ekari kumi za watu wengine ambao hawakuuza chochote wala hawakuulizwa.

Kuna na la vyoo. Nyumba nyingi za kupanga huchimbiwa shimo, na kando ya mto maji ya ardhini yapo karibu. Yanayozama huko hayaendi mbali na mfereji unaonyunyizia mboga zinazoliwa mjini. Mabati na lami nayo huongeza mwendo wa maji ya mvua. Zamani mvua ilizama kwenye udongo uliolimwa. Sasa hutiririka kwa nguvu kutoka mapaani na kuchimba kingo za mto. Udongo wa kilimo ukishafunikwa kwa zege haurudi. Mtu anaweza kubomoa nyumba, lakini ile rutuba iliyoletwa na mto kwa vizazi haiwezi kubomolewa kutoka chini yake ikaja juu.

Shangazi sasa ameazima mashine ya petroli ya kuvuta maji moja kwa moja mtoni. Inakunywa petroli kama lori. Mfereji haukuwa na gharama ila jasho.

KARATASI

Nilimwuliza shangazi kama ana hati ya kumiliki ardhi. Alikwenda chumbani akarudi na mfuko wa plastiki. Ndani kulikuwa na barua ya kugawiwa ardhi ya miaka ya themanini yenye jina la marehemu mumewe, risiti tatu, na kadi ya kliniki ya mtoto. Alikuwa amewahi kuipeleka barua hiyo katika afisi moja ya serikali kuulizia hati. Aliambiwa faili haionekani, arudi baada ya wiki mbili. Hiyo ilikuwa kabla ya korona.

Hayuko peke yake. Sehemu kubwa ya ardhi ya Isiolo ilikuwa ardhi ya dhamana iliyosimamiwa na baraza la mji au la wilaya kwa niaba ya wenyeji, na watu walipewa barua, wala si hati. Barua hizo zimeuzwa, zimerithiwa, zimenakiliwa, na mara nyingine ploti moja ina barua mbili au tatu za watu tofauti, jambo lililowatesa hata baadhi ya waliohamishwa kupisha uwanja wa ndege. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua, katika kesi iliyohusu ardhi ya Nairobi, kwamba barua ya kugawiwa ardhi peke yake si hati ya umiliki, wala haiwezi kumpa mtu haki ya kumhamishia mwingine. Anayenunua ploti mtoni kwa barua tu, hata akiwa amelipa fedha zote, ajue amenunua nini.

Katiba ya 2010 iliita ardhi ya aina hiyo ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema kwamba ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kama amana, na kaunti hairuhusiwi kuiuza. Kwenye karatasi ulinzi upo. Kilichobaki ni jamii kujisajili, na hapo ndipo Isiolo inapokwama. Jamii ni nani? Wenye mifereji? Wafugaji ambao babu zao walinywesha ng'ombe hapo kabla mfereji wa kwanza haujachimbwa? Wapangaji waliozaliwa Bulapesa? Mzee wa Kiborana anayejua sheria za dedha, ule utaratibu wa wazee wa kugawa malisho ya masika na ya kiangazi, atakuambia waziwazi kwamba mashamba yenyewe yalikula malisho ya kiangazi kando ya mto. Kwake yeye, mkulima anayelia leo kwamba mji unamla alimla mfugaji jana. Ni neno chungu, lakini ni lazima mkulima alisikie.

Isiolo si ya kwanza. Kiambu imeona mibuni iking'olewa kupisha nyumba na maduka kando ya barabara kuu ya Thika, na Tatu City imejengwa palipokuwa na mashamba makubwa ya kahawa. Misri, ambako karibu watu wote huishi kando ya mto mmoja, ilipitisha sheria mwaka 1983 ya kukataza kujenga kwenye mashamba ya bonde la Nile, na hadi leo serikali huko bado inabomoa nyumba zilizojengwa usiku. Kiambu walau ina mvua na ardhi nyingine ya kulima. Isiolo ina utepe mwembamba wa kijani, na ukitoka nje yake hatua mia mbili uko kwenye miiba.

Nao wanaojenga hawajakosea kutaka nyumba. Mwalimu aliyehamishiwa hapa anahitaji chumba, na mama anayefukuzwa na vita vya mifugo huko nje anahitaji mahali pa kuezeka. Kaunti ikipima ardhi ya juu isiyo na maji, ikapeleka barabara na mabomba huko kwanza, watu watajenga huko. Mtu hujenga penye maji. Kwa sasa maji yapo shambani kwa shangazi.

Siku niliyoondoka, wenye mfereji walikuwa wameitana chini ya mwembe. Walikuja kumi na saba, wengi wao wanawake. Mnunuzi wa zile ploti nane hakuja, lakini alimtuma fundi wake, kijana mpole aliyesimama kando na kofia mkononi. Wazee walimwomba jambo moja: kabla ya kumwaga zege la ukuta, alaze bomba la inchi sita chini ya msingi ili maji yapite. Fundi alisema yeye hana neno, atampigia simu tajiri wake. Akapiga hapo hapo. Simu haikupokelewa.

Shangazi alinisindikiza hadi barabarani nilikopanda bodaboda. Alinipa sukuma wiki kwenye gunia dogo, na akaniomba nikifika Nairobi nimnunulie mbegu za vitunguu, zile za mfuko mwekundu, na niulizie bei ya bomba la inchi sita, futi mia moja.

Bei niliiulizia. Mbegu nimeshazituma kwa basi la asubuhi.